Sikio la Fundi Ogata

Ogata Tamotsu hakuwahi kuvaa vizibo vya masikio maisha yake yote ya kazi, na sababu alimweleza hata ambaye hakuuliza. Alisema bunduki ya misumari huongea na fundi. Msumari ukiingia sawasawa, kichwa chake kikalala usawa wa plaiwudi, sauti ni moja tu, kavu na safi. Ukibaki nje kidogo, inalia tupu. Ukizama, inakuwa nzito na fupi. "Fundi aliyeziba masikio," alisema, "ni mpishi aliyebana pua."

Nilifanya kazi chini yake miaka ishirini na sita. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, na hapa mjini kwetu, chini ya milima ya Kyushu, wapo wanaomtaja kwa huruma. Maskini mzee, wanasema, mwishoni akili zilimruka, akawa anazunguka kubomoa kuta alizojenga mwenyewe. Huruma hiyo inanikera kuliko tusi. Akili zake zilikuwa zimetulia kuliko zetu sote, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo, acha niseme.

Kwanza mjue alivyoitunza ile bunduki. Jioni, sisi tukiwa tumeshafungua viatu, yeye alipiga magoti mbele ya kompresa akafungua koki ya chini kumwaga maji yaliyojikusanya ndani ya tangi, kwa sababu maji yakifuata upepo mpaka kwenye bunduki yanakula chuma kwa ndani. Asubuhi alitia matone mawili ya oili pale mpira wa upepo unapoingia. Si matatu. Halafu, kabla ya kuunganisha mpira na kabla ya kupakia misumari, aliukandamiza mdomo wa bunduki kwenye kipande cha ubao aone kama unarudi vizuri. Mdomo ule una springi; usipokandamizwa kwenye ubao, msumari hautoki hata ukivuta kifyatulio. Mafundi wenye haraka huufunga kwa waya ili wapige mbio mbio. Mmoja alithubutu kufanya hivyo kwenye kazi ya Ogata, na hakuinywa chai ya saa nne pamoja nasi.

Neno lake kuu lilikuwa "kata upepo kwanza". Unakwenda kunywa chai, kata upepo. Unapanda ngazi, unampa mwenzako bunduki, unakwenda kukojoa, kata upepo. Mwaka wangu wa kwanza msumari ulikwama, nami nikainama kuuchokoa kwa koleo huku mpira ukiwa umeunganishwa. Hakupiga kelele. Alikuja, akachomoa mpira, akaushika mkono wangu wa kushoto akautazama kama anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Mkono huu mama yako ameulea miaka ishirini," akasema. "Wewe unataka kuutoboa kwa haraka ya nusu dakika."

Akanikalisha juu ya rundo la mbao mpaka adhuhuri, nisiguse kitu. Kuroki, ambaye alikuwa fundi pale kabla yangu na mdomo wake haujawahi kuwa na springi, kila alipopita aliinama na kuniuliza kama mheshimiwa anahitaji mto. Sikusahau tena kukata upepo.

Na alikuwa na kanuni nyingine, ambayo ndiyo iliyomponza. Jicho, alisema, liwe kwenye msumari unaokuja, sikio liwe kwenye uliopita. Yaani usigeuke kukagua ulichokwisha kupiga wakati bunduki iko mkononi, maana mkono hufuata jicho, na mdomo wa bunduki hufuata mkono. Tazama unapoelekea kupiga, hakikisha vidole vyako haviko hapo wala hakuna mtu nyuma ya ubao; kina cha msumari utakisikia. Ilikuwa kanuni nzuri. Katika miaka yake yote hakuna aliyetobolewa kwenye kazi yake.

Masikio yalianza kuondoka taratibu. Redio ya gari ikawa inapigwa kwa sauti ya kututoa machozi. Siku moja kwenye chakula cha mchana Kuroki alimuuliza, "Fundi mkuu, leo umefungiwa samaki gani?"

"Alhamisi," akajibu.

Tulicheka mpaka wali ukatupalia, naye akacheka pamoja nasi bila kujua tunacheka nini. Nikikumbuka kicheko kile naona aibu mpaka leo.

Jambo ambalo halikuchekesha lilikuwa kule kwenye kompresa. Kila asubuhi alipiga msumari wa kwanza kwenye kipande cha ubao, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akasema, "Leo imelegea," na kufungua vali kidogo. Upepo ukazidi. Baada ya miezi kadhaa ikalegea tena, akafungua tena. Mimi niliiona sindano ya geji inayopima upepo ikipanda mwaka hadi mwaka. Nilijiambia labda mbao za siku hizi ni ngumu zaidi. Kwetu vali ya fundi mkuu haiguswi na mtu mwingine, na fundi mkuu haambiwi amekosea mbele ya watu. Anasubiriwa aone mwenyewe. Nami ni mtu wa kusubiri. Nilisubiri.

Mwaka wa tatu baada ya tetemeko la ardhi lililoupiga mji wetu tukapewa kazi ya kumjengea Bi Uemura. Usiku ule wa tetemeko nyumba yao ya zamani ililala chini, ghorofa ikakalia chumba ambamo mume wake alikuwa amelala. Yeye alikuwa ameamka kwenda jikoni kunywa maji. Miaka mitatu alikaa kwenye vibanda vya muda kwenye uwanja wa shule, na siku tuliyokuja kupima kiwanja alisema neno moja tu.

"Fundi mkuu, sihitaji nyumba nzuri. Nataka isiyolala."

Ogata alimwinamia. "Hailali," akasema.

Wasiojua ujenzi hudhani nguzo ndizo zinazoizuia nyumba ardhi ikitikisika. Nguzo hubeba. Kinachozuia nyumba isipinde ni ule ubao wa plaiwudi uliopigiliwa kwenye nguzo, na kinachoushika ubao ni vichwa vya misumari. Plaiwudi yenyewe ni milimita tisa. Kichwa kikizama milimita tatu, kimeshaikata theluthi yake. Nyumba ikitikiswa, ubao unachomoka juu ya kichwa kama kitambaa kilichochanika kwenye kifungo. Kwa macho ukuta unaonekana umejaa misumari. Siku ya tetemeko ni kama haupo.

Jumanne ya wiki ile nilipitisha kidole kwenye kuta za Bi Uemura nikakuta vishimo. Nikachukua rula ya chuma, nikapima. Milimita tatu, sehemu nyingine tatu na nusu. Jumatano nikapanga kumwambia tukiwa wawili garini, redio ikawa inapiga kelele, nikaona ngoja. Alhamisi Kuroki naye akapitisha kidole, tukatazamana, akaenda zake kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Jumamosi jipsamu ingefunika kila kitu, na baada ya hapo hakuna ambaye angejua.

Ijumaa saa tisa Bi Uemura akatuletea chai na maandazi ya mvuke yenye kiazi kitamu ndani, kama alivyofanya kila siku. Tulikata upepo, tukakaa. Yeye hakukaa. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba yake, kiganja kikipita ukutani polepole, uso umemchangamka. Akasimama.

"Fundi mkuu, hivi vishimo ndivyo vinavyotakiwa viwe?"

Ogata hakusikia. Akarudia, safari hii akigusa msumari kwa kidole. Ogata akamtazama midomo, akatazama kidole, akaweka kikombe chini.

Akagusa msumari ule. Akagusa wa pili, wa tatu, akaufuata ukuta mzima mpaka pembeni, akageuka na ukuta wa pili, na chai yake ikapoa pale chini. Kisha akaenda kwenye kompresa, akavaa miwani, akaitazama geji kwa muda mrefu. Akatoa kile kijitabu cha maelekezo ya bunduki ambacho yeye mwenyewe alikihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa.

"Yasu," akaniita. "Vaa miwani. Hapa kwenye ubao huu, piga mmoja kwa upepo wa kijitabu, na mwingine kwa upepo wangu."

Akawasogeza Kuroki na Bi Uemura nyuma yangu. Nilipiga wa kwanza. Akapunga mkono, akafungua vali mwenyewe mpaka pale alipozoea. Nikapiga wa pili.

"Unasikia tofauti?"

"Ndiyo, fundi mkuu."

"Kubwa?"

"Kubwa sana."

Akatikisa kichwa. "Mimi sisikii kitu. Ni mmoja tu." Halafu akaniuliza, macho yakiwa kwenye midomo yangu, "Ulikuwa umeviona vishimo?"

"Sikuviona," nikasema.

Kuroki akatazama viatu vyake.

Ogata akapiga magoti mbele ya Bi Uemura, akaweka paji la uso kwenye sakafu iliyojaa vumbi la mbao, na akiwa pale pale akamweleza kila kitu: masikio yamekufa, upepo ameuzidisha yeye, kuta hizi hazina nguvu aliyoahidi. Bunduki ni nzima, alisema, hana cha kuisingizia. Atang'oa mbao zilizoharibika na kupigilia upya. Bi Uemura hakulia wala hakumwinua. Alimwacha amalize, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, akihakikisha anamwona midomo.

"Na nyumba za kabla ya hii?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Bi Uemura hakujua alichouliza, lakini mimi na Kuroki tulijua. Nyumba ya kabla ya ile ilikuwa ya Chizuru, binti yake wa pekee. Aliijenga kwa mikono yake kwenye kiwanja cha wakwe zake, na humo walilala wajukuu wake wawili.

Ogata alikaa kitako. Akahesabu kwa vidole, akakwama. "Sijui ilianza lini," akasema, si kwa mtu yeyote. "Nani anajua ilianza lini?"

Hapo ndipo uongo wangu ulipofia. Mtu mmoja tu alikuwa ameitazama ile sindano mwaka hadi mwaka.

"Miaka minne," nikasema. "Nyumba saba, bila kuhesabu hii."

Alinitazama. Nilingoja anitukane na hakunitukana. Akainuka, akakunja mpira wa upepo, akafuta bunduki kwa kitambaa akairudisha kwenye sanduku lake. Hakuishika tena.

Kuta za Bi Uemura tulizirekebisha kwa siku kumi na moja. Plaiwudi iliyoharibika tuliing'oa, tukaweka mpya, na Ogata akapigilia kwa nyundo, msumari kwa msumari, kwa sababu nyundo humwambia mkono, na mkono wake bado ulikuwa unasikia. Kisha akaanza nyumba saba. Alivaa suti yake ya mazishi, akabeba boksi la keki za maharage, akabisha hodi, akainama mlangoni na kuomba ruhusa ya kufungua ukuta. Mwalimu mstaafu mmoja alimfukuza, akamwambia nyumba yake imepita ukaguzi wa serikali na hataki vumbi. Ogata alirudi kwake mara nne mpaka mke wa mwalimu akafungua mlango. Wengine walitupa chai. Mmoja alitusimamia kwa mikono kifuani siku zote tisa bila kutupa hata salamu, na haki alikuwa nayo.

Nyumba ya Chizuru aliiweka ya mwisho. Kwetu fundi hutengeneza kwa watu kwanza, kwake baadaye, na hakutaka kinywa chochote mjini kiseme Ogata ameokoa damu yake kabla ya wateja. Hapo nilimkasirikia, nikamwambia, kwa sauti ndogo ambayo bila shaka hakuisikia. Alichofanya ni kuwachukua wajukuu walale kwake tangu ile Ijumaa. Walilala kwake miezi saba. Mama mkwe wa Chizuru hakupenda. Alisema watoto wanalelewa kama wageni, na kwamba mzee anaona vishimo mpaka ndotoni.

Tulipofika kwa Chizuru ilikuwa Oktoba na Ogata alikuwa amekwisha. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwenye nyumba ya tano alianguka kutoka ngazi ya tatu akavunjika ubavu, na kwenye ya sita alipigilia akiwa amejifunga mkanda wa mgonjwa. Alikonda mpaka suruali ya kazi ikawa inashikwa na kamba. Daktari alimwambia Chizuru kwamba moyo hautastahimili kazi kama ile tena. Chizuru akaniambia mimi.

Ukuta tuliotaka kuuona ulikuwa nyuma ya kabati la matandiko, kwenye chumba cha watoto. Tulitoa magodoro, nikaingia kwa kutambaa, nikakata jipsamu dirisha dogo la ukubwa wa sinia. Ogata hakuweza kuinama kwa ajili ya ubavu. Alibaki amesimama nje ya kabati, hatua mbili kutoka kwangu, kofia mkononi. Chizuru aliingia pembeni yangu kunishikia taa.

Nikapitisha kidole. Sikuhitaji rula. Kati ya zile saba, ile ndiyo nyumba ambayo sindano ilikuwa imepanda kuliko zote, na misumari ilikuwa imezama karibu theluthi ya ubao.

Chizuru aliona uso wangu. Akasogea mpaka nywele zake zikagusa bega langu.

"Mjomba Yasu," akasema polepole, na baba yake yuko pale pale, "mwambie iko sawa."

Nikapitisha kidole tena.

"Mwambie iko sawa, arudi nyumbani apumzike. Akianza ukuta huu hataumaliza. Nitatafuta fundi mwingine baadaye, nakuapia. Mjomba, nakuomba. Utaniulia baba."

Nilimwamini. Najua angetafuta fundi mwingine, labda mwezi ujao, labda baada ya mwaka mpya, labda wakwe wangesema ya nini tena. Na najua pia kwamba kama ningesema iko sawa, watoto wangelala ndani ya chumba kile usiku huo huo, kwa sababu bibi yao alikuwa ameshaanika mashuka yao tangu asubuhi. Kulia kwangu kulikuwa na picha za katuni walizobandika ukutani. Juu yao kulikuwa na ghorofa nzima.

"Yasu," Ogata akaita kutoka nje. "Vipi?"

Nilitoka kwa kutambaa, nikasimama mbele yake. Chizuru alitoka nyuma yangu akanishika shati. Sebuleni mama mkwe alikuwa anamenya mapeasi, na televisheni ilikuwa imepunguzwa sauti. Miaka ishirini na sita sikuwahi kumwambia mtu yule kwamba amekosea, na sasa hakukuwa na namna ya kumnong'oneza.

"Imezama, fundi mkuu," nikasema.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Nikapaza sauti mpaka kifua kikauma. "Imezama! Yote! Mibaya kuliko zile sita zote!"

Kisu cha sebuleni kikanyamaza. Jirani aliyekuwa anafagia majani nje naye akanyamaza. Chizuru aliachia shati langu, na hadi leo tukikutana barabarani huniinamia kama anavyomwinamia mtu asiyemjua.

Ogata alimgeukia binti yake. "Watoto waendelee kulala kwangu," akasema. Akavaa kofia. Kisha akanitazama mimi, na nilijua sasa analitoa lile neno alilolibeba tangu ile Ijumaa kwa Bi Uemura.

"Kama ungeniambia hivyo miaka minne iliyopita," akasema, "ningekufukuza kazi mbele ya watu."

"Najua, fundi mkuu."

Alikuwa anatazama midomo yangu ili asikose jibu.

"Ungesema tu," akasema.

Nikaenda garini kuleta nyundo.